Jibu Limekaa Pembeni

Mawingu ya Machi yakianza kukusanyika juu ya Arua nchini Uganda, mashamba yanayozunguka Ediofe hujaa swali moja: msimu huu tupande nini, na kila kitu kwa kiasi gani? Karanga zina soko, lakini zinadai mikono: kupalilia, kung'oa, kuanika, kubangua. Mahindi hayachoshi kiasi hicho, ila yanadai pesa mapema, kwa mbegu bora na mbolea. Ardhi nayo haiongezeki. Wapo wanaofuata alichopanda jirani, wapo wanaokumbuka bei ya mwaka jana, na wapo wanaogawa shamba nusu kwa nusu kisha wakamwachia Mungu.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linaonekana kwa macho. Kinachohitajika ni karatasi ya grafu, rula, penseli na uvumilivu wa nusu saa.

Ediofe ni mahali pazuri pa kulisimulia jambo hili. Hapa ndipo lilipo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, makao ya Jimbo Katoliki la Arua lililoundwa mwaka 1958, na hapa kengele ya shule na jembe la mkulima husikika asubuhi moja. Tangu Arua ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, nyumba zinazidi kusogelea mashamba, na kila ekari inahesabiwa mara mbili. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekaa darasani na mzazi wake aliyeinama shambani wanahangaika na fumbo lile lile, ila kila mmoja analiita kwa jina lake.

Vitabuni linaitwa programu ya mstari. Wanafunzi wa Uganda hulikuta kwenye mtihani wa UCE unaotungwa na baraza la mitihani, UNEB. Wenzao wa Kenya na Tanzania nao wamelizoea katika hisabati ya sekondari. Wengi hulitazama kama mtego wa mtihani, wakalisahau siku wanaporudisha vitabu. Ni hasara kubwa, maana ni masomo machache ya hisabati yanayogusa jembe na mfuko wa fedha kwa karibu kama hili. Uganda ilibadili mtaala wa sekondari ya chini mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya UCE mwaka 2024, wakijibu maswali yaliyojengwa juu ya hali za maisha. Kwa programu ya mstari, mabadiliko hayo ni kama kumrudisha mtoto nyumbani kwao.

Ekari sita, siku mia mbili, milioni moja

Tuchukue mfano. Mkulima mmoja wa pembezoni mwa Ediofe ana ekari 6. Nguvu kazi ya nyumbani kwake, ikijumlishwa kwa msimu mzima, inafika siku 200 za kazi. Mfukoni ana shilingi 1,000,000 za kuanzia.

Ekari moja ya karanga inamla siku 40 za kazi na shilingi 100,000, kwa kuwa mbegu amezihifadhi mwenyewe tangu msimu uliopita. Ekari moja ya mahindi inamla siku 20 tu, lakini inataka shilingi 200,000 za mbegu na mbolea. Akishauza, ekari ya karanga inamwachia faida ya shilingi 500,000, na ya mahindi shilingi 400,000. Agawe vipi ekari zake ili faida iwe kubwa kuliko zote?

Hatua ya kwanza ni kuyapa majina yale asiyoyajua. Idadi ya ekari za karanga iitwe x, na idadi ya ekari za mahindi iitwe y. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza kabla hata ya kuanza: wanaandika kwamba x ni karanga. X si karanga. X ni namba, ni hesabu ya ekari, na anayelisahau hilo atajikuta anajumlisha magunia na siku.

Hatua ya pili ni kugeuza maneno kuwa masharti. Ekari haziwezi kuzidi 6:

x + y ≤ 6

Siku za kazi haziwezi kuzidi 200, yaani 40x + 20y ≤ 200. Kila upande ukigawanywa kwa 20, linabaki sharti jepesi:

2x + y ≤ 10

Pesa nazo haziwezi kuzidi milioni. Sharti lake ni 100,000x + 200,000y ≤ 1,000,000, na likigawanywa kwa 100,000 linakuwa:

x + 2y ≤ 10

Yapo mengine mawili ambayo hakuna anayeyataja kwa mdomo kwa kuwa yako wazi mno: mtu hawezi kupanda ekari pungufu ya sifuri. Kwa hiyo x ≥ 0 na y ≥ 0. Ukiyaacha haya, karatasi itakuruhusu kulima ekari hasi, jambo ambalo udongo wa Arua hautalikubali.

Kalamu inapogeuka ua

Sasa karatasi. Mhimili wa chini ni wa karanga, wa kusimama ni wa mahindi, na kila mmoja umegawanywa kuanzia 0 hadi 10. Kila sharti, likiandikwa kwa alama ya sawasawa, ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka unahitaji nukta mbili tu. Akipanda karanga peke yake, ardhi inaishia 6. Akipanda mahindi peke yake, inaishia 6 vilevile. Unganisha 6 ya chini na 6 ya juu: huo ndio mstari wa ardhi. Mstari wa kazi unatoka 5 upande wa karanga kwenda 10 upande wa mahindi. Mstari wa pesa unatoka 10 upande wa karanga kwenda 5 upande wa mahindi.

Kila mstari unakata karatasi pande mbili, mmoja unaokubalika na mwingine usiokubalika. Kuutambua ni rahisi: jaribu nukta ya (0, 0), pale mihimili inapokutana. Mkulima asiyepanda chochote hajatumia ekari, siku wala shilingi, kwa hiyo masharti yote matatu yanamkubali, na upande aliosimama ndio upande halali. Kama sharti lingekuwa na alama ya < isiyo na usawa, mstari ungechorwa kwa vidoti, kuonyesha kwamba mpaka wenyewe haumo.

Walimu wa Uganda na Kenya huwafundisha wanafunzi kupaka kivuli upande usiotakiwa, na mazoea hayo yana busara yake. Mistari ikiwa mitatu, minne au mitano, ukipaka upande unaotakiwa unaishia na rangi juu ya rangi, huoni kitu. Ukipaka usiotakiwa, kila sharti linafuta sehemu yake, na mwishowe linabaki eneo moja jeupe, safi, limezungukwa na kivuli kama uwanja uliozungushiwa ua. Kila nukta iliyomo ndani yake ni mpango wa kilimo unaowezekana. Kila nukta ya nje inamdai mkulima kitu asichokuwa nacho.

Uwanja wa mkulima wetu una pembe tano: (0, 0), (5, 0), (4, 2), (2, 4) na (0, 5). Ndani yake mna mipango isiyo na idadi. Ekari 3 za karanga na 2 za mahindi inawezekana. Ekari 1 na nusu kwa 3 na robo inawezekana. Mtu angeijaribu yote lini?

Kwa nini pembe

Hapa ndipo uzuri wa somo hili ulipo. Hahitaji kuijaribu yote. Anahitaji pembe tano tu.

Fikiria mtu aliyesimama katikati ya uwanja huo, akiambiwa kwamba kila hatua kuelekea kulia na juu inamwongezea faida. Akiwa katikati, hakuna kinachomzuia, atatembea. Atafika kwenye ua. Akiwa ameegemea ua, bado anaweza kuteleza kando yake, upande ule unaomwongezea kitu. Atateleza mpaka akutane na ua wa pili. Sasa amebanwa na nyua mbili kwa pamoja, na huko alikotaka kwenda hakuna njia tena. Mahali nyua mbili zinapokutana panaitwa pembe.

Kwenye karatasi jambo hilo hufanywa kwa rula. Faida ya shilingi 2,000,000 inaweza kupatikana kwa ekari 4 za karanga peke yake, au ekari 5 za mahindi peke yake, au mchanganyiko wowote ulio kwenye mstari unaounganisha nukta hizo mbili. Weka rula juu ya mstari huo. Kisha isukume kuelekea juu kulia, polepole, bila kuipindisha. Kila inavyosogea, faida inapanda: milioni mbili na laki mbili, na laki nne, na laki sita. Eneo jeupe lililobaki mbele ya rula linazidi kuwa dogo, mpaka inabaki nukta moja tu inayoigusa kabla haijatoka nje kabisa. Nukta hiyo ni (4, 2).

Hesabu inathibitisha. Pembe ya (5, 0) inatoa 2,500,000. Pembe ya (2, 4) inatoa 2,600,000. Ya (0, 5) inatoa 2,000,000. Ya (4, 2), yaani ekari 4 za karanga na 2 za mahindi, inatoa shilingi 2,800,000. Yule aliyegawa shamba nusu kwa nusu, ekari 3 kwa 3, angepata 2,700,000. Laki moja nzima imepotea kwa kuogopa penseli.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mkulima huyu ameshika mbili na hakuna iliyomponyoka, kwa kuwa amepima uzito wa kila moja kabla ya kuibeba.

Lakini tahadhari. Si kila mahali mistari inapokatana ni pembe ya uwanja. Mstari wa kazi na mstari wa pesa nayo inakutana, kwenye ekari 3 na theluthi moja za kila zao, na hapo faida inasomeka shilingi 3,000,000. Mwanafunzi anayekimbilia kutatua milinganyo miwili bila kutazama mchoro huiandika kwa furaha. Nukta hiyo inadai ekari 6 na theluthi mbili. Shamba lina ekari 6. Ndiyo maana mchoro unatangulia na hesabu inafuata.

Bei ikicheza, jibu linaruka

Soko la Arua halikai mahali pamoja. Wanunuzi wanatoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wengine wanapitia Koboko, mji ulio karibu na mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Wakitaka mahindi kwa wingi, bei inapanda.

Tuseme faida ya ekari ya mahindi imepanda kutoka 400,000 hadi 450,000. Mkulima abadili mpango? Mchoro unasema abaki palepale: pembe ya (4, 2) sasa inatoa 2,900,000 na ya (2, 4) inatoa 2,800,000. Ikifika 500,000, sawa na karanga, rula inalala juu ya mstari wa ardhi wenyewe. Pembe zote mbili zinatoa milioni tatu, na kila nukta iliyo kati yao vilevile, achague anachopenda. Ikifika 600,000, jibu linaruka ghafla hadi (2, 4), ambako faida ni 3,400,000 dhidi ya 3,200,000 za mpango wa zamani.

Hili ni jambo la kuliweka moyoni. Bei inaweza kupanda kidogo kidogo kwa wiki nyingi bila kubadili lolote, halafu ikivuka mpaka fulani inabadili shamba zima. Anayeujua mpaka huo hatikisiki kwa kila uvumi wa sokoni, wala halali siku yenyewe inapofika.

Mchoro unafichua kitu kingine ambacho hakuna jirani angeweza kumwambia. Kwenye pembe ya (4, 2), ekari zote 6 zimetumika na siku zote 200 zimekwisha. Pesa je? Zimetumika shilingi 800,000. Laki mbili zimebaki mfukoni. Ardhi na kazi zinabana, pesa imelegea. Maana yake ni kwamba mkulima huyu akienda kukopa ili apanue kilimo hichohicho, mkopo wenyewe hautamwongezea hata shilingi moja ya mavuno. Anachokosa ni ardhi na mikono.

Akikodi nusu ekari zaidi, mstari wa ardhi unasogea, pembe inahamia kwenye ekari 3 na nusu za karanga na 3 za mahindi, na faida inapanda hadi 2,950,000. Nusu ekari imeleta shilingi 150,000. Basi akiambiwa kodi ya nusu ekari ni laki moja, akubali. Akiambiwa laki mbili, akatae. Vilevile, siku 20 zaidi za kazi zinahamisha pembe hadi (5, 1) na kuleta 2,900,000. Nyongeza ni 100,000 kwa siku 20, yaani kila siku moja ya kibarua ina thamani ya shilingi 5,000 kwake. Akilipa zaidi ya hapo anajipunja. Wachumi huiita bei kivuli, kwa sababu haiandikwi popote sokoni, lakini inaifuata kila rasilimali kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Na kama mama wa nyumba hiyo atasema kwamba hakubali familia ibaki na chini ya ekari 3 za mahindi, kwa ajili ya chakula cha watoto? Ana haki, na hisabati inampa nafasi. Linaongezwa sharti la nne, y ≥ 3. Ua mpya unachorwa, pembe ya zamani inafukiwa na kivuli, na jibu jipya ni ekari 3 kwa 3, lenye faida ya 2,700,000. Sasa familia inajua kwamba utulivu wa ghala lao umegharimu shilingi 100,000, na inaweza kukaa na kuamua kama bei hiyo ni ya haki.

Kutoka kiwanda cha Leningrad

Hesabu hii haikuzaliwa darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakuu wa viwanda vya mbao za plywood huko Leningrad, Urusi ya Kisovieti, walimwendea profesa kijana, Leonid Kantorovich. Walikuwa na mashine za aina 8 na magogo ya aina 5, na kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina ya gogo. Wagawe vipi kazi ili wapate mbao nyingi kuliko zote? Kantorovich alitambua kwamba swali lile lile limejificha katika mashamba, reli na viwanda vingine, na mwaka 1939 akachapisha kijitabu juu yake.

Mwaka 1947, bila kujua kazi hiyo, Mmarekani George Dantzig aliyekuwa akilifanyia kazi jeshi la anga alitunga njia iliyokuja kuitwa simpleksi. Neno programu wakati huo halikuwa na uhusiano na kompyuta. Wanajeshi walilitumia kwa maana ya ratiba za mafunzo, usafirishaji na ugavi. Mwaka 1975, Kantorovich na Tjalling Koopmans, mchumi mzaliwa wa Uholanzi, walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa mchango wao katika nadharia ya kugawa rasilimali kwa ubora.

Simpleksi hufanya kile kile alichofanya mtu wetu uwanjani: inaanza kwenye pembe moja, inatazama nyua zinazotoka hapo, inafuata ule unaoongeza faida hadi pembe inayofuata, kisha inarudia. Tofauti ni kwamba mazao yakiwa mawili yanatosha kwenye karatasi, yakiwa matatu uwanja unakuwa kama chumba chenye kuta, na yakiwa mia hakuna jicho linaloweza kuuona. Pembe zipo vilevile. Karatasi ya grafu ya mwanafunzi wa Ediofe ni dirisha la kuchungulia jumba hilo kubwa.

Ukubwa wake ulionekana mapema. Mwaka 1945 mchumi George Stigler aliuliza ni kwa gharama gani ndogo kabisa mtu mzima anaweza kupata virutubisho 9 vinavyohitajika, akichagua kati ya vyakula 77. Kwa kukisia kwa ustadi alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 swali hilo lilitatuliwa kwa simpleksi, na makarani 9 wakitumia mashine za kuhesabia za mkono walichukua jumla ya siku-kazi 120 kufika kwenye jibu kamili: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu, lakini sasa jibu lilikuwa na uthibitisho.

Swali la Stigler lina uzito wa pekee katika West Nile, kanda ilipo Arua. Kambi ya wakimbizi ya Bidibidi wilayani Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016 na ikapokea zaidi ya watu laki mbili kutoka Sudan Kusini. Wakimbizi wengine wanaishi Rhino Camp, Imvepi na Lobule iliyoko Koboko. Kipimo kinachotumika duniani kupangia chakula cha msaada ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, mafuta kiasi gani, ili kipimo kitimie kwa gharama ndogo? Hapo alama za ≤ zinageuka kuwa ≥, uwanja unafunguka kuelekea juu, na rula inasukumwa chini badala ya juu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hutumia hisabati ya jamii hii kuchagua vyakula, mahali pa kuvinunua na njia za kuvisafirisha, na mwaka 2021 lilishinda tuzo ya Franz Edelman, mojawapo ya tuzo kubwa duniani za hisabati ya maamuzi. Kila senti inayookolewa kwa mtu mmoja, ikizidishwa kwa malaki ya watu, ni magunia ya mahindi.

Safari ya Namugongo

Kuna mtego mmoja wa mwisho, na hauonekani shambani kwa sababu ekari inaweza kugawanyika. Unaonekana barabarani.

Tarehe 3 Juni kila mwaka, mahujaji hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Kutoka Arua ni safari ya karibu kilomita 500, ukivuka Mto Nile huko Pakwach na tena Karuma. Tuseme kamati ina mahujaji 310. Kuna mabasi 3 ya kukodi, kila moja viti 65, kwa shilingi 3,300,000 kwenda na kurudi. Na kosta 7, kila moja viti 28, kwa shilingi 1,600,000. Mabasi yaitwe x, kosta y. Masharti ni 65x + 28y ≥ 310, x ≤ 3, na y ≤ 7.

Mchoro unatoa uwanja wa pembe tatu, mdogo kama kona ya leso, na pembe yenye gharama ndogo ni mabasi 3 na kosta 4.1. Hakuna anayekodi sehemu ya kumi ya kosta. Katibu mwenye haraka atapunguza hadi 4, na hapo viti vitakuwa 307. Watu watatu watabaki wamesimama nje ya kanisa na mikoba yao. Katibu mwangalifu ataongeza hadi 5, alipe shilingi 17,900,000, na wote watasafiri. Wengi wangefunga daftari hapo.

Kwa maswali ya vitu visivyokatika, kazi haiishii pembeni. Inabidi kutazama nukta nzima zilizomo ndani ya eneo jeupe, zile ambazo x na y ni namba kamili, na kuzijaribu moja baada ya nyingine kuzunguka pembe ile. Zinazofaa ni chache: mabasi 3 na kosta 5, 6 au 7, na nukta moja iliyojitenga upande wa kushoto, mabasi 2 na kosta 7. Hiyo ya mwisho inagharimu 6,600,000 na 11,200,000, jumla 17,800,000. Ni pungufu kwa shilingi 100,000 kuliko ile ya katibu mwangalifu, ingawa iko mbali zaidi na pembe.

Mpango huo una viti 326 kwa mahujaji 310. Vimebaki viti 16 ambavyo tayari vimelipiwa, na kamati inaweza kuvitangaza baada ya Misa ya Jumapili, kwa wale waliotamani kwenda na hawakuwa na nauli.